Mkwaruzo Chini ya Ngozi

Chumba cha kubandikia hakikuwa na feni, wala hakikuruhusiwa kuwa nayo. Feni hurusha vumbi, na punje moja ya vumbi ikinasa chini ya ngozi, kazi yote hubanduliwa na kuanzwa upya. Kwa hiyo madirisha yalizibwa, sakafu ikamwagiwa maji, na fundi akajifunga kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lake lisidondokee gari la watu. Ngozi ndilo jina ambalo gereji nzima iliipa ile plastiki angavu inayovalishwa gari ili rangi isichubuliwe na mawe. Ya siku hiyo ilikuwa ya daraja la kwanza, imetoka ng'ambo. Bosi, mwenye gereji, aliipokea mwenyewe kwa mikono miwili.

Gari lilikuwa jeusi, jipya, la Mheshimiwa anayesimamia barabara. Dereva aliyelileta alikuwa shemeji yake fundi, kaka mkubwa wa mumewe. Mume alianguka kutoka ghorofani kwenye ujenzi, akavunjika mgongo, na tangu hapo dunia yake ni kitanda. Kampuni ya ujenzi ilileta pole na mfuko wa sukari. Shemeji ndiye aliyewachukua. Kazi yake ya udereva ilikuja na vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mheshimiwa, na katika vyumba hivyo walijibana watu wanane. Mkono wa shemeji ukiteleza, wote wanane wako nje.

Desturi ya gereji ilikuwa moja. Kabla ya kubandika, fundi hulizunguka gari akiwa na taa, pamoja na aliyelileta, na kila penye kasoro hubandika kipande cha selotepu ya njano. Kisha Bosi huja kuangalia. Kilichowekewa selotepu ni cha gari; kisichowekewa kikionekana baadaye ni cha fundi.

Fundi alibandika kipande kimoja tu, kwenye mlango wa nyuma. Shemeji akainama, akakibandua.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Punguza sauti."

"Mkwaruzo huu umefika kwenye bati."

"Najua ulikofika. Mama kalikwaruza getini jana, anakimbilia saluni. Kaniambia, 'Baba akiona, mimi na wewe tumekwisha.' Yeye atakwisha vipi? Hapo wa kwisha ni mmoja."

"Si umwambie Mheshimiwa ukweli?"

Shemeji alicheka kwa puani. "Nimwambie mkewe ndiye? Dereva aliyenitangulia alikuwa msema kweli. Siku hizi anauza maji kwenye foleni."

"Lakini ngozi hii haifichi kitu. Ni kama kioo."

"Utajaza rangi kidogo, utapiga polishi. Mikono yako naijua." Kipande cha njano alikuwa amekiviringa kati ya vidole, kimekuwa kama kidonge. "Sijawahi kukuomba kitu, shemeji."

Na kweli hakuwahi. Mtu anayekulisha bila kukusimanga, siku akiomba, utampita wapi? Fundi aliuona mtego wazi kabisa, na bado akatia mguu. Hakukata kipande kingine cha selotepu. 

Bosi aliingia, akazungusha taa haraka haraka kama mtu anayetafuta kiatu. "Safi. Anza."

Akaanza. Aliujaza mkwaruzo kwa brashi nyembamba, akangoja ukauke, akasugua, akajaza tena. Kisha akalilowesha gari kwa maji ya sabuni, akaitelezesha ngozi juu ya mlango, akayasukuma maji nje kwa kibao cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka pakawa hapana hata kiputo. Chini ya taa za chumbani mlango uling'aa mtupu. Alijaribu kujifurahisha kwa hilo, akashindwa.

Kesho yake adhuhuri Mheshimiwa alikuja mwenyewe, na mkewe, ndani ya gari la walinzi. Shemeji alikwisha kulitoa gari jeusi uani, kwenye jua.

"Barabara zetu ni mawe matupu," alisema Mheshimiwa, akipapasa boneti. "Bila hii, gari halimalizi mwaka."

Bosi akacheka. Shemeji naye akacheka. Hakuna aliyeuliza barabara hizo ni za nani.

Mheshimiwa alipita ubavuni taratibu. Fundi alihesabu milango kimoyomoyo. Wa mbele. Wa nyuma. Hapo mtu mzima akasimama, akainamisha kichwa upande huu, halafu upande ule. Jua halina adabu. Lilikuwa limeutoa mkwaruzo wote, mstari mmoja uliofifia, ukionekana chini ya ngozi.

"Hiki nini?"

Hakupaza sauti. Wenye nguvu hawana haja.

"Ulilikagua lilipofika?" alimuuliza Bosi.

"Mimi mwenyewe, Mheshimiwa. Halikuwa na selotepu hata moja."

"Kwa hiyo lilikuja zima. Dereva?"

Shemeji alinyooka. "Lilikuja zima, Mheshimiwa."

"Ni wembe," alisema Bosi, tayari amejitenga hatua moja na fundi wake. "Wanakata ngozi kwa wembe. Mkono ukicheza kidogo..."

"Mkwaruzo niliukuta," alisema fundi.

"Ukamwambia nani?"

Alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa akitazama viatu vyake. Jibu lilimfika fundi kwenye ulimi, zima, na nyuma yake wakafuata watu wanane na kitanda kimoja. Akalimeza. Alibakiwa na mlango mmoja tu wa kubisha, naye akaubisha.

"Mama," alisema, "nakuomba. Juzi, pale getini."

Mama alivua miwani ya jua. Alimwangalia fundi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye kandambili zilizolowa.

"Mimi na wewe tunajuana wapi?"

Mheshimiwa alimgeukia mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akautazama mkwaruzo, halafu akamtazama tena mkewe, ambaye sasa alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Fundi aliona ameelewa. Aliona kabisa, na kwa pumzi moja akadhani amepona.

"Nani kakupa habari za geti langu?" Mheshimiwa aliuliza.

Shemeji aliinua kichwa.

"Ni mke wa mdogo wangu, Mheshimiwa," alisema. "Tangu mumewe aumie, hasemi sawasawa."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini fundi hakuweza hata kumkasirikia vizuri. Kama angekuwa yeye mwenye watoto wanne, asingesema hivyo hivyo?

"Kaharibu gari, sasa anamsingizia mke wangu," alisema Mheshimiwa. "Ita polisi."

"Mheshimiwa, ananitegemea mgonjwa asiyeweza kujigeuza."

"Ungemkumbuka kabla ya kushika wembe."

Polisi, ambao mtaani huitwa asubuhi wakafika kesho, walifika upesi, wawili, kwa miguu, wakihema.

"Gari letu halina mafuta, Mheshimiwa," alisema mkubwa wao, akipiga saluti.

"Basi mpelekeni na langu. Sisi tutapanda na walinzi."

"Na nguo hizo?" aliuliza Mama. "Viti vyangu vyeupe."

Bosi hakungoja kuambiwa. Alikimbilia chumbani, akarudi na kipande cha ngozi kilichobaki, ile ile ya daraja la kwanza, akakitandaza kwenye kiti cha nyuma, akakikandamiza pembe zote kwa kiganja. Kwa miaka yote aliyokuwa pale, fundi hakuwahi kumwona akibandika kitu kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa wa polisi naye alipotaka kukaa, Bosi alimwomba radhi, akamletea kipande chake. Afande akakikalia.

Shemeji ndiye aliyemfungulia mlango. Fundi aliingia. Plastiki ilimnata kwenye mapaja yaliyolowa, na kila gari lilipokata kona aliteleza akamgonga afande begani.

Walipoiacha gereji wakaingia barabara ya mawe. Kokoto zilianza kurushwa na magurudumu, zikapiga ubavu wa gari mfululizo, tak, tak, tak, na ngozi ikazirudisha zote.

"Kazi nzuri hii," alisema afande, akisikiliza. "Hii rangi haiguswi na kitu."

Shemeji aliinua mkono, akakipindua kidogo kile kioo cha kutazamia nyuma, mpaka fundi hakuyaona tena macho yake.

"Jioni mumgeuze ubavu," fundi alikiambia kisogo chake. "Wa kushoto. Wa kulia ngozi imeanza kutoka."

Shemeji aliongeza mwendo, na kokoto zikazidi.