Isale Kwenye Kioo

Mimi nikitaka kitu, nakiota. Mwaka ule niliota laptopu. Inawaka katikati ya migomba yetu ya Mwika, ukungu umeshuka hadi kwenye kahawa, na haina nembo ya mtu.

Wenzangu walinicheka. "Aikande, si una Linux tayari?" Ninayo, ndiyo, mfumo wa kuendesha kompyuta usiomilikiwa na kampuni. Lakini kabla ya Linux kuna programu ndogo ndani ya chipu inayoiamsha mashine, na kwenye laptopu yangu ya mtumba hiyo ilifungwa kwa nywila ya kampuni fulani ya ng'ambo iliyoitumia kabla yangu. Ni sawa na kumwagilia kihamba chako, shamba la nyumbani, huku mfereji unafunguliwa na mtu usiyemjua huko juu. Mimi siwezi maisha hayo.

Moshi mjini fundi mmoja tu alinielewa, Primus, mwenye kibanda pale Mawenzi. Mwezi wa tatu alikubali kuifuta programu ile na kuandika ya huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma.

"Betri iko fiti?" aliuliza. "Umeme ukikata katikati, imekufa hii."

"Fiti," nikasema. Haikuwa fiti. Niliona aibu, na haraka ilinishika.

Umeme ukakatika. Mashine ikafa mikononi mwake, nami nikamtukana mbele ya wateja wake, nikamwita mharibifu, nikamwachia mashine, nikapanda gari kurudi Mwika. Nilimkumbuka kila siku, na kila siku nikajifanya simkumbuki.

Nikatafuta nyingine miezi saba. Zinazotoka kiwandani na programu huria zipo, tena nzuri, ila bei yake ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, na bado ushuru. Mwishowe nikapata moja kwenye soko la mji wa Mkuu: nyepesi, ya miaka miwili tu, ilitengenezewa wanafunzi, bei ya kuvumilika. Nikasoma kwamba programu ya chipu ya aina hiyo hubadilishika, ukipata anayejua. Anayejua nilikuwa nimemtukana.

"Mama, nitaanzaje?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. "Kwani uzio wetu umeishiwa masale?"

Kwetu anayekuletea jani la isale anaomba msamaha, nawe huwezi kumkatalia. Nikakata moja, nikalipiga fundo, nikashuka nalo mjini asubuhi ile mlima ukiwa wazi, kama vile natembea bado nimelala.

Primus alikuwa peke yake. Nikaliweka isale mezani, na mashine kando yake. "Nilikudanganya kuhusu betri."

"Najua. Niliipima ulipoondoka."

Akaifungua mashine mpya, akapima betri mara mbili, nami nilistahili, kisha akaanza kuandika. Katikati taa ya kibanda ikazimika. Nikafumba macho. Betri ikashikilia.

"Haya, washa mwenyewe."

Nikabonyeza. Nembo hakuna. Giza kidogo, halafu katikati ya kioo likatokea jani la isale, limechorwa kwa kijani, lina fundo.

"Umelichora saa ngapi?" Sikuwa nimemwona akichora chochote.

"Mwezi wa nne," Primus akasema, hanitazami. "Nilikosa tu mashine ya kulitia nikuletee."

Kosa lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyetangulia kuniomba msamaha. Nililia palepale, wateja wakaingia wakanikuta.