Mkwe Bafuni, Mama Mkwe Barazani

Kosa lilianzia kwenye simu. Boke, fundi cherehani wa Nyamisangura, Tarime, alikuwa ameshona mapazia ya loji moja iliyojificha kwenye msitu wa kando ya mto, huko Serengeti, na wenye loji wakamwalika akae siku mbili na watu wake, bure. Wakamuuliza, "Mtakuwa familia moja?" Akajibu ndiyo. Angejibu nini? Mama yake mzazi si jirani.

Walipofika, mwenyeji wao Faridu, mtu wa Tanga mwenye adabu nyingi, akawapeleka wote kwenye hema moja kubwa la turubai. Vyumba viwili, mlango mmoja, baraza moja. Magige, mumewe Boke, alibaki nje na begi mkononi kama mtu aliyekwenda msibani akakuta harusi.

Kwa Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawalali nyumba moja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Ni heshima, na Magige alikuwa ameilinda tangu aoe. Njia nzima kutoka Tarime aliendesha gari shingo haigeuki, na Bibi Mokami, mama yake Boke, alikaa kiti cha nyuma kajifunika kitenge. Maneno yao yalipita kwa Robi, binti mdogo wa nyumba.

"Robi, mwambie baba yako apunguze mwendo."

"Baba, bibi anasema upunguze mwendo."

"Mwambie nimesikia."

"Bibi, amesikia. Na mimi nimechoka."

Sasa Faridu akauliza, "Baba, kuna tatizo?"

"Hakuna. Mimi nitalala kwenye gari."

"Gari linabaki getini, baba, na giza likiingia hapa hakuna kutembea. Viboko wanapita hapo uliposimama."

"Basi nitalala na viboko."

Boke akamvuta pembeni. "Ukileta vituko, mama anaondoka. Ameshasema akiuona hata unyayo wako humu ndani anarudi kwake Nyangoto kwa miguu, na mguu wake mbovu unaujua. Tangu tumzike baba hajaweka jembe chini. Nimembembeleza aje apumzike mpaka koo limekauka, Magige."

"Mimi nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Alasiri Faridu akawachukua wanawake kwenda kuangalia viboko mtoni. Magige alibaki, kwa kuwa Bibi alikwenda. Walipopotelea kwenye miti akaona huo ndio wakati wa kuoga, watakuta ameshatoka. Bafu lenyewe lilikuwa ubavuni mwa baraza, kuta za fito, juu wazi, majani ya msitu yanakudondoshea matone hata kabla hujafungua maji. Suruali na shati akaviacha kwenye kiti cha barazani.

Alikuwa amejipaka sabuni mpaka masikioni aliposikia kiti cha barazani kinalia. Halafu kikohozi. Kikohozi kile alikijua. Mguu ulikuwa umemrudisha Bibi Mokami, wenzake wameendelea.

Magige akafunga maji. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea ila kupita mbele ya yule mama, na nguo zake ziko kwa yule mama. Akaona safari ya Boke inaharibika pale pale: Bibi anashika njia ya Nyangoto anachechemea, Boke nyuma yake analia, na yeye Magige anasimuliwa kwenye kila kilabu cha pombe mpaka Sirari.

Tumbili mmoja akashuka kwenye tawi, akakaa juu ya ukuta wa fito. Akamtazama Magige, akamtazama Bibi.

"We tumbili," Bibi akasema.

Magige akaganda.

"Mwambie mwenye suruali hii kwamba sabuni ikimkaukia mwilini itamuwasha."

Tumbili akajikuna. Kumjibu mama mkwe ni mwiko. Kumjibu tumbili, hakuna mzee aliyewahi kukataza.

"Tumbili, mwambie mama nimesikia." Akafungua maji.

"Muulize atalala wapi leo."

"Mwambie kwenye gari."

"Mwambie asiwe mjinga. Akiliwa, binti yangu atatunzwa na nani?"

"Mwambie basi nitakaa nje ya mlango."

Bibi akavuta pumzi. "Tumbili, sikiliza vizuri uyafikishe yote. Hii nyumba nimeikagua. Nimetafuta mafiga, hayapo. Nimetafuta masizi kwenye paa, hakuna, na paa lenyewe kitambaa. Hapajapikwa hapa hata ugali wa mtoto. Nyumba isiyo na mafiga si nyumba, ni nguo imeanikwa porini. Sasa mtu na mkwewe wakilala chini ya nguo iliyoanikwa, kila mmoja na upande wake, nani atasema wamelala nyumba moja?"

"Hakuna, ma... Tumbili, mwambie hakuna."

"Basi mwambie mimi Nyangoto sirudi. Kitanda cha humu nimekijaribu. Kinadidimia kama tope la mpunga, lakini mgongo umekipenda."

Magige akacheka, sabuni ikamwingia mdomoni. Mara suruali ikatokea juu ya ukuta, imening'inia kwenye ncha ya fimbo, na mshika fimbo bila shaka ameangalia upande wa mto. Akaipokea bila kugusa fimbo.

"Na tumbili," Bibi akaendelea, sauti imelegea sasa, "muulize jambo moja limenisumbua siku nyingi. Siku waliyokuja kuposa, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Wazee wanaongea ng'ombe, yeye akacheka peke yake. Alicheka nini?"

Magige alikumbuka. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini tumbili alikwishachoka na Wakurya. Akaruka kwenye tawi, akaenda zake juu.

Wakabaki wawili, ukuta katikati, hakuna wa kuyabeba maneno. Magige akafunga mkanda taratibu, akangoja. Upande wa pili akasikia Bibi anainuka, anachagua kitu kwenye sahani ya matunda, anamenya.

"Tumbili," Bibi akaita kuelekea juu ya miti, kwa upole kabisa, "njoo, baba. Ndizi hii hapa."