Nusu Yako, Nusu Yake

Alhamisi, siku ya gulio Lushoto, Nassoro alimpokeza mkewe Zakia ndoo ya mapeasi, vidole vyao vikagusana, wakapaa kama mita moja. Mteja aliwaomba washushe ndoo kwanza, maana alikuwa anawahi basi la Mombo. Walipoachiana mikono walirudi chini taratibu. Kufika saa nne walikuwa wameshapaa wengi, wawili wawili. Muuza kabichi mmoja na mkewe walikataa kushuka, wakisema huko juu kuna upepo mzuri.

Muuguzi Esta alikuja kutoka zahanati, akawapima damu wote waliopaa. Kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mwenyewe akiwa mzima.

"Yapo magonjwa ambayo mzazi mmoja anatosha kuyarithisha," alimweleza Zakia. "Hayo mara nyingi hayajifichi, mzazi mwenyewe huumwa. Huu hujificha. Unataka nusu ya baba na nusu ya mama, na hata hapo, kwa kila mimba anayeugua ni mtoto mmoja kati ya wanne."

"Kwa hiyo wanangu?"

"Nusu yako, nusu yake."

Zakia alikuwa amezika watoto wawili katika miaka minne. Muda wote huo mama mkwe wake, Bi Saumu, alisema damu mbaya imeletwa na mwanamke.

Zakia alipanda mlima hadi nyumbani akiwa karibu kukimbia.

"Shikamoo mama," alisema, akamshika Bi Saumu mkono. Walipaa mpaka kwenye boriti.

"Marahaba," alijibu Bi Saumu huko juu.

"Na wewe unayo, mama. Nassoro aliipata kwako."

"Nimekaa chini miaka sitini na mbili. Wewe ndiye unayenipandisha."

Zakia alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kikawazungusha wote wawili kama pia, khanga zikipepea. Hakuwa amecheka tangu msiba wa pili. Bi Saumu alitumia nafasi hiyo kutoa utando wa buibui ambao ufagio haukuufikia.

Wiki iliyofuata Nassoro aliandika talaka. Alilia akiandika, lakini aliandika.

"Mama ameshasema," alimwambia. "Nitaoa kule Mlalo. Anaitwa Latifa."

"Mshike mkono kwanza," alisema Zakia.

"Kabla ya ndoa? Si adabu."

Zakia alihudhuria harusi, akakaa nyuma. Shekhe alipomaliza, Nassoro alimshika bibi harusi mkono, nao wakainuka juu ya turubai. Latifa alicheka kwa sauti, shela likimzunguka. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Saumu aliwaambia wageni kwamba hiyo ni baraka, na mpiga picha akawaomba wasishuke kwanza.

Waliposhuka, Zakia alimsogelea bibi harusi.

"Mdogo wangu, nendeni kwa Muuguzi Esta mkapime, kabla hujashika mimba."

"Nitamuuliza mama," alisema Latifa, akimtazama Bi Saumu. Alikuwa bado anahema kwa raha. Kisha akamnyooshea Nassoro mkono, wapae tena.