Wekundu Waliovaa Kijani

Shule ya Brezno na shule ya Nygard zilipounganishwa, mtu wa kwanza kutoka damu alikuwa mwalimu wa jiografia, na maskini alikuwa amesimama tu katikati. Alipigwa na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kinaenda kwa Soren Lindgaard wa Nygard.

Aliyekirusha ni Dalton Vavra wa Brezno. Shingo kama ya fahali, mwaka wake wa mwisho shuleni, na kichwani hana kitu kingine zaidi ya mpira, ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana. Ukisikia Dalton karusha kiti, ujue kaudhika kwelikweli, maana kwa kawaida yeye hutumia bega.

Na walimchokoza, tusimwonee. Vijana wa Nygard walikuwa wamemwekea mzoga wa nungunungu kwenye kiti cha gari lake, wakaufunga na mkanda kabisa, kama abiria. Dalton akaingia darasani mkono umejaa miiba, akamkuta Soren anacheka na lile pengo lake kwenye meno ya pembeni.

"Vipi, mla kabichi," Soren akamwambia, maana ndivyo Nygard wanavyowaita Brezno, na wao wenyewe wanaitwa wala samaki. "Shangazi yako alifika salama?"

Ndipo kiti kikaruka.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kuunganishwa. Ila mashamba yamemezana, watu wamehama, na msimu ule Brezno ilikuwa na wavulana watatu wa kuvaa kofia na Nygard wanne. Kule nyikani Nebraska wameshapunguza timu kutoka kumi na mmoja mpaka wanacheza sita kwa sita, na bado hawatoshi. Kwa hiyo wazee wa miji miwili wakakaa, wakatukanana, mmoja akang'olewa kifungo cha shati, wakasaini.

Sasa tatizo ni hili. Mtoto wa Brezno akifikisha miaka saba anapelekwa nyuma ya ghala la nafaka, anaonyeshwa gunia la majani makavu lililovishwa jezi ya kijani ya Nygard. Anaambiwa: kijani kikishika mpira, kipige. Hafikirii, haangalii sura, anapiga. Kila Jumamosi, mpaka gunia linapasuka na linashonwa lingine. Dalton alishapasua mengi kuliko mtoto yeyote wa mji ule, na babu zake walikuwa wanasimulia kanisani. Na Nygard nao wasijifanye malaika, wao gunia lao lilikuwa jekundu, rangi ya Brezno.

Kocha alitafutwa mbali, Wyoming huko, anaitwa Haskett, mtu pekee ambaye miji yote miwili ilikuwa bado haijapata sababu ya kumchukia. Baada ya kile kiti aliwasimamisha wote saba kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwalimu wa jiografia akiwa bado anashonwa zahanati.

"Nitasema mara moja," akawaambia. "Atakayempiga mwenzake wa timu kwa makusudi, kwa ngumi, kwa kiti, kwa nungunungu, anarudisha kofia saa ileile. Msimu wake umeisha. Dalton, umenielewa?"

"Mbona mimi tu, Kocha?"

"Kwa sababu wengine hawana mkono kama wako."

Dalton akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na mpango wa chuo, hakuwa na shamba, kaka yake mkubwa ndiye aliyelirithi. Alikuwa na zile Ijumaa za mechi zilizobaki, basi. Mwezi mzima akajizuia. Wale wa Nygard walimmwagia maji ya barafu, akajizuia. Soren akamwita mla kabichi mbele ya wasichana, akatoka nje akaupiga ukuta wa banda la ng'ombe mpaka vifundo vikachubuka, akarudi akajizuia.

Halafu jezi hazikufika.

Wazee walikuwa wamegombana sana juu ya rangi, ikapitishwa bluu ili kila mtu akose, na kiwanda kikachelewa. Mchezo wa kwanza ulikuwa Nygard, Ijumaa alasiri, dhidi ya shule ya Tobin. Haskett akafungua kabati la Nygard, akatoa alichokuta.

"Vaeni."

Vijana watatu wa Brezno wakaziangalia zile jezi za kijani kama wameletewa matapishi.

"Itakuwasha kidogo," Soren akasema. "Mtu aliyezoea kabichi akivaa nguo safi lazima awashwe."

"Kula samaki wako wa kuoza unyamaze," Dalton akamjibu. Akaivaa. Ilimbana mabegani. Nje, mama yake alipomwona anatokea na kijani, akajifunika uso na skafu.

Tobin hawakuja kucheza, walikuja kuua. Vijana waliokuzwa kwa nyama ya ng'ombe wale, wamenyooka kama nguzo za uzio. Mpira ulipochezwa mara ya pili tu, mmoja wa Brezno akakanyagwa vidole makusudi na akalia kwa sauti. Dalton akamfuata aliyemkanyaga, akasubiri apewe mpira, akamwingiza bega chini ya mbavu mpaka yule kijana akatapika ndani ya kofia yake. Soren naye akapigwa kiwiko cha koo, akainuka, akampiga yule wa Tobin kichwa kwa kichwa, kofia zikalia kama masufuria. Haskett kule pembeni anakenua. Kwa mara ya kwanza saba wake walikuwa wanamchukia mtu mwingine.

Wakawa wanaongoza. Kweli, wanaongoza.

Tobin wakarusha mpira mrefu, na Soren, anayekimbia kama sungura, akaruka mbele yao akaudaka hewani. Akageuka ili arudi nao. Njia ilikuwa wazi upande wa Dalton, kwa hiyo akakata kumwelekea Dalton, kijani kizima, mpira kwapani.

Mwili wa Dalton ukaondoka wenyewe. Goti likainama, bega likashuka. Ndiyo ile ya nyuma ya ghala, hakuna kufikiri. Lakini hatua ya mwisho kabla hajafika aliona sura. Aliliona pengo, Soren akiwa anacheka, anataka amfungulie njia. Nafasi ya kupinda bega ilikuwepo, ndogo, ila ilikuwepo.

Hakulipinda.

Ile sauti ilikuwa kama boga limeanguka kutoka kwenye lori. Soren alikwenda juu, akatua kwa uso, kofia ikachomoka. Pua ilikuwa imehamia shavuni na meno mawili ya mbele hayapo. Mpira ukabiringika, kijana wa Tobin akauokota, akatembea nao mpaka mwisho kufunga, hata hakukimbia.

Na Brezno walishangilia, jamani. Upande wao wote ulisimama, babu mmoja akarusha kofia yake, wakapiga kelele vilevile wanavyopiga kila mwaka. Kisha mmoja mmoja wakakumbuka, wakaanza kukaa, polepole, bila kuangaliana.

Haskett alifika akiwa anahema.

"Dalton. Ni jezi iliyokuchanganya?"

Mlango wa kujitetea ulikuwa wazi kabisa. Hata wanawake wa Nygard kule juu jukwaani walikuwa wanasema ni mazoea, mtoto kafundishwa vibaya, si kosa lake. Soren akakaa, akatema damu kati ya magoti yake.

"Ni bahati mbaya, Kocha," akasema, maneno yanamvujia mdomoni. "Muache. Tuko saba tu."

Na hilo ndilo lililomshinda Dalton. Kupigwa angeweza, kutukanwa angeweza, lakini kusamehewa na mla samaki mbele ya watu, hapana.

"Nilimwona," akasema.

"Uliona kijani."

"Nilimwona yeye, Kocha. Sura. Na nikaenda."

Uso wa Haskett ulikuwa wa mtu anayeomba aambiwe kitu kingine. Alipoona hakiji, akanyoosha mkono. Dalton akafungua kamba ya kidevuni, ikamsumbua kidogo, akampa kofia.

Wakabaki sita, kwa hiyo Soren hakuwa na wa kumpokea. Wakamjaza pamba puani, akarudi uwanjani. Tobin wakaiona ile pua, na kila mpira wakaenda kwayo. Kazi ya kumkinga Soren ilikuwa ya Dalton. Sasa Dalton amekaa kwenye benchi, kichwa wazi, anasikia kila kishindo, na kila kishindo Soren anainuka taratibu zaidi. Mara moja aliinuka akaelekea upande usio wake, mwamuzi akamgeuza. Dalton akaziuma ngumi zake. Walifungwa pointi mpaka ubao ukaonekana unawadhihaki.

Mwisho wa mchezo Soren alikuja moja kwa moja kwenye benchi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefumba. Akasimama mbele ya Dalton, lakini akaongea na Haskett.

"Kocha. Huyu bado mwenzangu wa timu?"

Haskett alikuwa ameishika ile kofia kwapani muda wote. Akaiangalia. Akamwangalia Dalton, ambaye alikuwa ameshasimama, mikono chini.

"Hapana," akasema. "Amerudisha."

Soren akampiga ngumi ya mdomo, ya nguvu zake zote zilizobaki, mpaka Dalton akalivunja benchi kwa mgongo. Mama yake akapiga yowe kule juu. Dalton akainuka kutoka kwenye mbao, akajifuta, akaona damu yake, akamrukia, na wote wawili wakaenda chini kwenye majani wakipigana bila neno.

Haskett akawageuzia mgongo, akaanza kukusanya kofia kwenye gunia.