Spika ya Mlango wa Dereva

Natangaza rasmi kwa umma kwamba leo, saa nne asubuhi, gari la marehemu baba litawekewa spika mpya. Umma wenyewe ni mimi na mama, na mama anatazama ukuta.

Fundi ameweka spika mbili mezani. "Mama, hii ina besi nzito, vioo vitatetemeka. Hii nyingine inatoa maneno safi. Nifunge ipi?"

"Ya maneno," mama akajibu. "Mwenye gari sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Redio alikuwa anaisikia upande mmoja tu."

Niliunga mkono kwa kichwa, kama mjumbe wa kamati. Tangu mazishi mwili wangu wote ni kama mguu ulioingia ganzi.

Fundi akafungua mlango wa dereva. "Ajabu! Hii ya zamani nzima kabisa. Mtu kachomoa waya, akauviringishia soksi."

Akaikunjua. Ilikuwa soksi ya kijivu, yenye nambari 214 kwa uzi mwekundu. Mama aliupapasa uzi huo. Aliushona mwenyewe nilipokuwa naenda bweni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Ni mimi, mama. Nilichomoa likizo iliyopita. Baba alipouliza mbona upande wake kimya, nikamwambia mimi naisikia vizuri. Nilipanga kumwambia siku ya kurudi shule, tucheke. Nikasahau. Sikio lake lilikuwa zima."