Jibu la Kitabuni

Wenzake walimwita Kwanini, maana hakuna somo lililopita bila yeye kunyanyua mkono. Mwalimu wa historia alishamzoea: akimwona mkono juu, aligeukia ubao.

Siku hiyo walisoma habari za soko la zamani lililoteketea. Kitabu kilisema chanzo ni uzembe wa akina mama wauza chakula walioacha makaa yakiwaka. Bibi yake Kwanini alikuwa mmoja wa akina mama hao. Safari hii msichana hakungoja kuruhusiwa.

"Mwalimu, kitabu hikihiki kinasema moto ulianzia kwenye maghala ya vitambaa. Majiko yalikuwa upande wa pili wa soko. Makaa yalitembea?"

Darasa likaangua kicheko. Kijana wa dawati la nyuma, bingwa wa kusinzia, akainuka. "Upepo hubeba cheche."

"Upepo gani huo, uruke vibanda vyote vya mbao vya katikati, ukachome ghala la matofali?"

"Labda kuna mtu alikitaka kile kiwanja," akadakia mwingine.

Madawati yakageuzwa. Watu wakabishana vitabu mkononi, vidole kwenye mistari, hata wale ambao sauti zao hazikuwahi kusikika. Mwalimu akapiga meza kwa kifutio, vumbi la chaki likamjaa kwenye tai.

"Nyamazeni! Hapa ni darasani, si kijiweni. Tangu lini yai likamfundisha kuku? Wewe, toka, na usirudi bila mzazi."

Mama yake, fundi cherehani, alikuja na vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Hakuuliza hata kilichosemwa. "Nisamehe, mwalimu. Mdomo wa huyu hauna breki." Akamgeukia binti yake. "Haya, omba radhi."

Kwanini akaomba radhi mbele ya darasa zima, mikono nyuma.

Nyumbani alimkimbilia bibi, aliyekuwa akichambua mchele. Huyu angalau angekuwa upande wake.

"Bibi, si ulikuwepo? Jiko lako ulilizima?"

"Nililimwagia maji." Vidole vya bibi vikasimama juu ya ungo. "Nadhani nililimwagia. Miaka yote wanasema ni sisi, mjukuu wangu. Siku hizi nikiota, naota sikulimwagia."

Mtihani wa mwisho ulipofika, swali la moto lilikuwemo. Kwanini aliandika jibu la kitabu, kisha akaeleza kwa nini haliamini, hoja moja baada ya nyingine, zote kutoka kitabu hichohicho. Akapewa sufuri kwa swali hilo. Sufuri hiyo ikamkosesha nafasi ya kuendelea na masomo katika shule aliyoitaka. Kijana wa dawati la nyuma alikariri, akapata alama zote, akarudi kusinzia.

Siku ya kuchukua matokeo, mwalimu alimkuta Kwanini kwenye korido. Alitazama huku na huku kwanza.

"Ulikuwa na hoja," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mimi nilipokuwa chuoni niliwahi kujiuliza hivyo. Wale mama hawakuunguza soko."

"Sasa mbona ulinitoa?"

"Mkaguzi akikuta darasa langu linabishana na kitabu, wanangu watakula nini?"

"Basi twende nyumbani umwambie bibi yangu. Yeye tu, mwalimu. Hakuna mkaguzi pale."

Mwalimu akakohoa, akasema ana kikao, akaondoka haraka haraka.

Kwanini alibaki ameegemea ukuta. Siku zote alidhani mtu huyu hajui, na kama hajui, angeweza kumsamehe. Sasa hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

Alipofika nyumbani alipiga magoti mbele ya bibi. "Bibi, mwalimu amekiri. Anasema si nyinyi mliounguza."

Bibi akainua uso, macho yaking'aa. "Amesema? Mbele ya nani?"

"Mbele yangu tu."

Bibi akauvuta ungo wake karibu.

"Basi hajasema," alijibu.