Kisu cha Kumtuliza Alphonse

Alphonse alipokuwa hai hakumsumbua mtu, jamani, msimwonee. Alikuwa mchungaji mpole wa upande wa Gety, mtu wa kuongea na ng'ombe kuliko watu. Hata vita vilipomfukuza hadi Bunia, ng'ombe wote wakabaki mikononi mwa wengine, hakumlaumu mtu. Alipanga nyumba ndogo ya mabati katika mtaa wa Mudzipela, akaanza kubeba magunia sokoni, akaugua tumbo, akafa. Usumbufu ulianza alipokwisha kuzikwa, na kosa lilikuwa la walio hai.

Kosa lenyewe hili hapa. Katika ukoo wao, mwanamume wa ng'ombe huzikwa na kisu chake mfukoni, kile kisu kidogo cha kukunja alichokatia kamba, alichotumbulia majipu ya mifugo, alichomenyea watoto miwa. Huwaendei wazee wako mikono mitupu. Kila mtu katika ukoo alilijua hilo. Lakini sasa wako mjini, wana kanisa, wana majirani wa kutazama nani kavaa nini, basi wakataka kumpa heshima: wakamvalisha kostime mpya ya kijivu, koti na suruali. Ile suruali yake ya kazi wakaitupa motoni pamoja na godoro la ugonjwa, na kisu kikaungua humo humo mfukoni. Aibu gani hiyo! Mama yake, Bernadette, alikuja kukumbuka wakati udongo umesharudishwa na wanakwaya wanakunywa chai.

Alphonse akaanza kuja na mvua ya mchana. Zamani, huko kijijini, ndiyo saa aliyorudi nyumbani, mvua ikimkimbiza kutoka malishoni. Sasa matone ya kwanza yakigonga bati, Hélène, mke wake, alimwona amesimama mlangoni na ile kostime ya kijivu, mabega yameloa. Hakuingia. Alijipapasa mifuko, kulia, kushoto, kifuani, na mifuko hiyo, kwa sababu nguo ilikuwa mpya, ilikuwa bado imeshonwa midomo kwa uzi wa dukani. Vidole vilikuwa vinateleza tu juu ya kitambaa.

"Mama Chancelle," alisema, kwa sauti ya chini. "Kisu yangu iko wapi?"

Siku ya kwanza Hélène aliangusha chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kukimbilia kwa jirani. Lakini mtu huzoea, tena huzoea upesi kuliko anavyotaka kukiri. Mvua zilivyoendelea akawa hakimbii. Akawa anakaa kwenye kigoda, uso kwa mlango, anamjibu.

"Haiko, baba. Siye tulikosa. Leo ulipitia wapi?"

"Ku mutoni," alisema Alphonse, kisha mikono ikarudi mifukoni.

Hivyo tu. Maneno mawili, matatu, halafu mvua ikikatika hayupo. Ilikuwa kidogo, lakini Hélène aliishi kwayo. Alianza kuangalia mawingu tangu asubuhi. Alianza kuvaa kile kitenge cha majani ya bluu alichokipenda marehemu. Hakumwambia mtu hata mmoja, maana angemwambia nini? Kwamba anamngojea?

Taabu ilikuwa Chancelle. Binti yao huyo wa pekee, wa darasa la tatu, naye aliisikia ile sauti. Wingu likitanda tu, mtoto aliingia chini ya kitanda, akaziba masikio kwa vidole, akajikojolea. Shuleni mvua ilipomkuta alipiga kelele hadi mwalimu akamrudisha nyumbani na kusema asiletwe tena mpaka apone. Chakula akawa anakitazama tu. Shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba baba anamvuta mwanawe.

Bernadette hakuwa mama wa kunong'ona. Alikuja Jumapili baada ya ibada, Biblia kwapani, akamwita Michée, mdogo wa marehemu, akawakalisha wote wawili.

"Mutoto atakufa weye ukiangalia?" akamwuliza Hélène.

"Hapana, mama."

"Basi atapewa kisu yake. Tutaifukia pale pa kichwa yake. Na pasta asisikie." Akaiweka Biblia juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa, kana kwamba hata yenyewe isisikie. "Lakini isikuwe kisu ya ovyo. Munamujua Alphonse ku mambo ya visu. Kama hatumupe ya muzuri ataikatala, atarudi nayo hapa, na mutoto njo atamukuta mulangoni. Mumenisikia?"

"Tumesikia, mama," alisema Michée.

"Franka haiko mingi. Ile tumechangishana njo hii. Hélène, weye njo utachagula. Hakuna mwingine mwenye anajua visu hapa."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka walipooana, Alphonse alimpeleka Mahagi kununua kitenge, wakaishia kukaa asubuhi nzima kwenye meza za wauza visu wanaoshuka na malori. Pale ndipo alipomfundisha. Mwingine hufundishwa nyimbo za mapenzi, yeye alifundishwa visu, na alicheka hadi machozi, lakini hakusahau hata kitu kimoja.

Kesho yake wakaenda sokoni, Hélène na shemeji yake, pesa mfukoni mwa Michée. Muuzaji aliitwa Gustave, mtu mnene mwenye meza ya kufuli, tochi, betri na wembe, na upande mmoja sahani pana iliyojaa visu vya kukunja. Hélène alipoinama juu ya sahani ile, aliisikia sauti ya mumewe sikioni, ile ya Mahagi, ya kijana.

Akachukua chenye mpini wa plastiki ya kijani. Akakifungua, akaushika ubapa wa kisu kwa vidole viwili, akautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto. *Weka*, alisema Alphonse. Akachukua kingine, akakifunga, akakinyanyua kwenye mwanga: ubapa ulikuwa umelala upande, unakwaruza ukuta wa mpini. *Weka. Hiyo itajila yenyewe.* Kingine kilikuwa na msumari wa shingo, pale kinapokunjikia, uliogongwa vibaya, kingine kilikuwa kigumu kufunguka hata ukucha ukauma.

"Shemeki, tazama hii!" Michée alikuwa ameshika kisu chekundu, kinang'aa kama dirisha la kanisa, kina kijiko, kina kifungulio cha chupa, kina hata kijimkasi. "Hii njo ya kisasa! Kaka atafurahi!"

Hélène akakipokea. Akaufungua ubapa, akageuza mgongo wake, akaubonyeza kwenye ukingo wa meza, kidogo tu. Kufuli yake ikaachia bila hata kulia, ubapa ukajikunja kurudi kwenye vidole vyake, na kama hangeuwahi, mkono ungekatwa. *Hiyo ni ya kukata mwenyewe*, alisema Alphonse. *Mutu mwenye anaiuzisha hiyo hana bibi, hana mama.*

Akakirudisha. Akachakura chini kabisa ya sahani, na huko akakipata. Kilikuwa kisu kilichotumika, kibaya kwa sura, mpini wa mti mweusi uliolainishwa na mkono wa mtu asiyejulikana, chuma cha kijivu chenye madoa. Lakini kilipofunguka kilisema neno moja, *ta*, kikatulia. Akautikisa ubapa, haukucheza. Akaubonyeza mgongo kwenye meza kwa uzito wake wote, haukukubali. Akapitisha makali juu ya mkono wake, na vinyweleo vikaanguka bila yeye kusikia kitu. Kichwani kukawa kimya. Alphonse hakuwa na la kusema. Ndivyo alivyokuwa daima mbele ya kisu kizuri, ananyamaza na kupumua kwa pua.

"Hii bei gani?"

Gustave akataja bei, Michée akapiga mluzi. Hélène akaanza kupatana bila hata kufikiri, mdomo wenyewe ulizoea: mpini umezeeka, nani atanunua kitu cha madoa, weye papa hauogope Mungu? Gustave akalalamika, akaapa kwa watoto wake, akashuka, akashuka tena.

"Haya, maman, chukua na ile franka muko nayo. Unajua kisu weye. Wengine wanaipita tu."

Basi, imekwisha. Pesa inatosha, kisu kipo, mtoto atalala. Hélène alikuwa amekishika mkononi, kizito kidogo, chenye joto la kiganja chake, na alijua kwa hakika kabisa kwamba Alphonse akikipata hiki hatatafuta kingine tena maisha yote, au kile walichonacho wao huko badala ya maisha. Atakitia mfukoni na kwenda zake. Mvua itanyesha, mlango utakuwa mlango.

Akaogopa. Aliogopa kuliko siku aliyokufa mumewe, kwa sababu siku ile hakujua kwamba mtu anaweza kufiwa na mume huyo huyo mara ya pili, tena kwa mkono wake mwenyewe. Moyo ukamwambia: siku chache tu. Mpe kibaya, akikatae, arudi kukulaumu, umwone, muongee, halafu utakuja kununua hiki. Mtoto atavumilia siku chache. Ndivyo ulivyomwambia, na moyo wa mtu aliyefiwa ni mwongo, usiusikilize.

"Shingo yake imelegea," akasema, akakiweka chini. "Tupe ile nyekundu."

Gustave alimtazama. Akafungua mdomo, akaangalia kile kisu cheusi, akamwangalia yule mama aliyekuwa amekielemea kwa uzito wote sasa hivi. Halafu akafunga mdomo, kwa maana muuzaji ni muuzaji, akakifunga chekundu kwenye kipande cha gazeti. Michée alifurahi njia nzima.

Walikwenda makaburini mchana huo huo, jua bado kali. Bernadette alichimba mwenyewe kwa kijembe kidogo, upande wa kichwa, akikataa kusaidiwa. Shimo lilipofika kiwiko akanyoosha mkono, akakipokea kisu, akakigeuza geuza. Kiling'aa vibaya kwenye mkono ule wa udongo.

"Siye wengine hatujue," alisema. "Hélène, mwanangu. Hii njo angechukua?"

"Ndiyo, mama. Njo hii."

Bernadette akaamini. Alikibusu kisu kile kama anambusu mtoto, akakilaza, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja. "Alphonse, kisu yako njo hii," akasema. "Bibi yako, Hélène, alikuchagulia yeye mwenyewe. Sasa pumuzika."

Siku ya pili yake mvua ilikuja mapema. Hélène alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kitenge cha bluu, amepika chai yenye tangawizi. Chancelle alikuwa chini ya kitanda. Matone yakaanza, bati likalia, uwanja ukageuka tope, na Hélène akakaa kwenye kigoda huku ameshikilia tabasamu lake kama mtu anayesikia mgeni akibisha. Alikuwa hata ameandaa maneno: ee baba, pole, nilidanganywa na muuzaji.

Mlango ulibaki mlango. Mvua ilinyesha, ikapungua, ikakatika, na chai ikapoa.

Labda kesho, alisema. Kesho ikanyesha tena, kubwa, yenye radi. Hapana mtu. Wiki ile yote mvua hazikuacha Bunia, na Chancelle alianza kutoka chini ya kitanda, kwanza kichwa, halafu mabega. Siku moja Hélène alimkuta amekaa mlangoni, mahali pale pale, anakinga matone kwa kikombe huku anaimba nyimbo za shule. Akala sahani nzima, akaomba tena. Mwalimu akampokea. Bernadette alikuja kucheza naye, akamwambia Hélène, "Asante, mwanangu. Umemujua mume yako." Hélène akaingia ndani, akalia kwenye mto.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Kumbe alisahau! Alphonse alikuwa mkali kwa visu alivyojinunulia mwenyewe. Lakini kilichotoka mkononi mwa mke wake, lini alikikataa? Hélène aliwahi kumshonea shati, mikono mifupi kama ya mtoto, kijiji kizima kikacheka, naye akalivaa harusini na msibani hadi likachanika mgongoni. Alimpikia maharagwe yenye chumvi ya kuua mtu, akala, akaomba maji, akashukuru. Mama yake alikuwa amesema pale kaburini ni bibi yako alikuchagulia. Yule mtu angefanya nini? Angekipokea. Alikipokea, akakibonyeza kwenye kitu, akakijua mara moja kuwa ni takataka, na akakitia mfukoni hivyo hivyo, akaenda nacho. Lini aliwahi kuacha kumwamini mke wake?

Mawingu yalikuwa yameshuka. Tone la kwanza lilipogonga bati Hélène hakukaa kwenye kigoda. Alitoka nje bila viatu, akasimama katikati ya uwanja, mvua ikampiga usoni, akapaza sauti hadi majirani wakafungua madirisha.

"Alphonse! Alphonse, usikate nayo kitu! Itakukunjikia vidole! Nilijua, nilijua ni mbaya, irudishe! Rudi unitukane!"

Mvua iliongezeka. Watu walimtazama, wengine wakajishika midomo. Alizunguka akitazama njia, akatazama ukuta, akatazama mlango wake mwenyewe, na hapo mlangoni palikuwa na Chancelle peke yake, ana shavu jipya, haogopi kitu. Mtoto akashuka kwenye tope, akamshika mama yake kitenge kilicholoa.

"Mama," akauliza, "unasema na nani?"